MALI BILA DAFTARI: NANI ANASHIKA HESABU YA AFYA YETU?

Ndugu wananchi, kuna neno limeingia nchini, nalo husemwa kwa madaha katika kumbi za hoteli: "afya ya kidijitali". Wasemao neno hilo hutembea na kompyuta za kupakata, na kila mmoja ana mfumo wake aliokuja nao kutuonyesha. Hatuandiki hapa kulicheka neno hilo. Jambo lenyewe ni kubwa, na nchi itakayolipuuza itabaki nyuma. Tunaandika kuuliza maswali matatu ambayo mwenye mali ye yote angeuliza: daftari ni la nani, anayelishika ni nani, na siku mwenye kalamu akiondoka na kalamu yake, sisi tutaandika kwa nini?

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ndiyo mali ya kwanza ya mnyonge, maana mkulima hana mtaji mwingine ila mgongo wake na mikono yake miwili. Basi daftari la afya ni daftari la utajiri wa taifa. Taifa linaloacha daftari hilo lishikwe na wageni ni kama mwenye duka anayemwachia jirani funguo za kabati la fedha, kisha jioni anakwenda kumwuliza kwa adabu: "Bwana, leo nimeuza kiasi gani?"

HALI ILIVYO ZAHANATI

Tuanze chini, maana huko ndiko wananchi waliko. Zahanati ya kijiji ina watumishi wachache, na mara nyingine muuguzi mmoja ndiye anayepima, anayezalisha, anayechanja na anayeandika. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 watumishi hao wameandika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha waliokuja kujifungua, na vingine vinafuata. Mwisho wa mwezi muuguzi huketi akahesabu kwa vijiti, mstari kwa mstari, kisha hujaza fomu ya muhtasari inayopelekwa halmashauri. Huko tarakimu huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao kufikia katikati ya miaka ya 2010 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Bara.

Hiyo ni hatua, wala hatuoni haya kuisifu. Tena tuisifu kwa kujua asili yake. Mbegu ya mfumo huo ilipandwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipokuwa umeanguka, na watu wakataka kuona kwa tarakimu ni wilaya zipi makaburu walizinyima tiba. Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo kikauendeleza, na leo hutumika katika nchi zaidi ya 70, bila kulipia leseni. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi miaka mingi kuutengeneza ufae hali yetu. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba Mwafrika hawezi mambo ya kompyuta. Ameweza, na wengine wamejifunza kwake.

Ubaya ulianza pale kila mfadhili alipokuja na kompyuta yake. Ukimwi ukapata mfumo wake. Kifua kikuu kikapata wake. Chanjo ikapata wake, kuagiza dawa kukapata wake, fedha za kituo zikapata wake, na kumlipisha mgonjwa kukapata wake. Serikali yenyewe ilipohesabu mifumo ya kompyuta inayogusa afya, ikakuta inazidi 100. Mia moja, ndugu zangu, katika nchi ambayo muuguzi wake hana mkono wa tatu!

Maana yake nini kwa mwananchi? Mama mmoja mjamzito, ambaye ana virusi vya Ukimwi, naye amemleta mtoto wake mkubwa kuchanjwa, huandikwa katika vitabu na mifumo minne au mitano, na kwa miaka mingi hakuna hata mfumo mmoja uliojua kwamba huyo ni mama yule yule. Akihamia wilaya nyingine kufuata shamba, anaanza upya kana kwamba amezaliwa jana. Akianza kutoka damu usiku na kupelekwa hospitali ya wilaya, kadi yake imebaki nyumbani chini ya mkeka. Daktari hajui kundi la damu yake, hajui alipewa dawa gani, hajui kama mimba iliyotangulia alipasuliwa. Daktari anaanza kuuliza, na damu haingoji majibu.

Hapo ndipo penye shabaha ya makala hii. Swali la kompyuta za afya si la mafundi peke yao. Ni swali la nani ataishi mpaka asubuhi.

Ni haki kusema kwamba Wizara ya Afya imeuona ugonjwa huo. Ulitoka Mkakati wa Taifa wa mwaka 2013 hadi 2018, ukafuata mpango wa uwekezaji wa mwaka 2017 hadi 2023, kisha Mkakati wa Afya ya Kidijitali wa mwaka 2019 hadi 2024. Katika miaka hiyo lilianza kujengwa daraja la kuunganisha mifumo ili izungumze. TAMISEMI nayo ikajenga mfumo wa kuendeshea vituo vya halmashauri, ukaandikwa na wataalamu wetu wenyewe. Mambo hayo ni mema. Lakini mpango mwema usiosomwa na wananchi ni kama mvua inayonyesha baharini.

MPANGO WA 1964 NA MIPANGO YA LEO

Wazee wa Chama wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 1961 tulipopata Uhuru, madaktari Waafrika wa Tanganyika walikuwa 12 tu. Mwaka 1964 Serikali ikatoa Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, na ndani yake likawekwa lengo ambalo hata asiyejua kusoma aliweza kulielewa: umri wa kuishi wa mwananchi, uliokuwa kati ya miaka 35 na 40, ufike miaka 50 kufikia mwaka 1980. Tarakimu moja. Mtu wa Nachingwea na mtu wa Ngara wote wawili waliweza kuibeba kichwani na kuidai.

Sasa chukua mkakati wa siku hizi. Umeandikwa kwa Kiingereza. Una picha za masanduku na mishale. Ukimpa mwenyekiti wa kijiji, atakurudishia kwa heshima akisema, "Kijana wangu, hiki ni cha wasomi." Naye atakuwa amesema kweli. Mpango wa taifa usioandikwa kwa lugha ya taifa umeandikwa kwa ajili ya nani? Jibu twalijua: umeandikwa ili mfadhili ausome na kutia saini.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa jambo moja la msingi: daftari lisilosahihishwa halimfundishi mtoto. Mwanafunzi akiandika kila siku na mwalimu asilifungue daftari lake, mwisho wa mwaka kuna karatasi nyingi na ujinga ule ule. Ndivyo ilivyo kwa muuguzi wa kijijini. Kila mwezi anapeleka tarakimu juu, na mara nyingi hakuna neno linalorudi chini. Haambiwi, "Mwezi uliopita watoto wenye kuhara waliongezeka kwako, angalia kisima." Haambiwi lo lote. Basi naye akichoka, huandika kwa makisio, na kompyuta hupokea uongo kwa upole ule ule inaopokea kweli.

Tena tunao ushahidi wetu wenyewe kwamba tarakimu ikisomwa huokoa maisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la utafiti la Kanada, iliendesha mradi uliojulikana kwa jina la TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amekufa na kwa dalili gani. Hesabu ilipowekwa mezani, viongozi wa wilaya walishika vichwa. Katika Morogoro malaria ilikuwa inakula kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na bajeti ya mwaka 1996 iliitengea malaria asilimia 5 tu! Fedha zilikuwa zikienda kwa mazoea. Ugonjwa ulikuwa ukienda kwa njia yake.

Basi wilaya zikaongezewa fedha kidogo sana, kiasi kisichozidi dola moja hivi kwa mtu kwa mwaka, nazo zikazipeleka mahali ambapo kifo kilikuwa. Wakaongeza vyandarua, wakawafundisha watumishi kumtibu mtoto mzima na siyo homa peke yake, wakapanga dawa kwa kufuata magonjwa yaliyopo. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hawakuwa na majumba ya vioo. Walikuwa na hesabu, na watu wa wilaya wenye madaraka ya kuifuata.

Hiyo ndiyo maana ya mipango. Kompyuta ni jembe. Jembe zuri huharakisha kazi, lakini halichagui shamba.

BARUA MOJA KUTOKA WASHINGTON

Sasa tufike penye kidonda. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 nchi yetu imekuwa ikifanya uchunguzi mkubwa wa afya ya kaya, kaya kwa kaya, mikoa yote. Vijana wetu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu ndio waliotembea juani na kubisha hodi. Uchunguzi huo ndio uliotuambia kwamba vifo vya akina mama wakati wa uzazi vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na kwamba mwaka 2022 vimeshuka hadi 104. Viongozi wameitaja tarakimu hiyo katika mikutano mingi, na wana haki ya kuitaja, maana nyuma yake kuna jasho la wakunga.

Lakini mpango huo wa uchunguzi ulikuwa unalipiwa kwa sehemu kubwa na shirika la misaada la Serikali ya Marekani, USAID, kwa ajili yetu na kwa nchi nyingi nyingine. Januari 20, 2025, Rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Mwezi uliofuata mpango wa uchunguzi ukakatwa duniani kote. Julai 1, 2025, USAID yenyewe ilikoma kufanya kazi. Baadaye mfuko wa tajiri mmoja wa huko huko Marekani ukatoa fedha za kuokoa sehemu ya kazi. Ndugu msomaji, soma tena mstari huo taratibu. Hesabu ya mama zetu waliokufa kwa uzazi ilitoka mkononi mwa Serikali ya kigeni ikaingia mfukoni mwa tajiri wa kigeni, na katika safari yote hiyo hakuna mtu aliyetuuliza sisi wenye marehemu.

Hatumlaumu Mmarekani kwa kufunga mkoba wake. Mkoba ni wake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, naye anayetegemea cha asiye nduguye hufa mapema zaidi. Twajilaumu sisi wenyewe kama taifa tulioambiwa mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, kwamba nchi haiendelei kwa fedha za kuomba, tukapiga makofi, kisha tukarudi kuomba.

Na siyo uchunguzi peke yake. Miradi mingi ya kompyuta za afya iliajiri vijana wetu kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, mishahara ikitoka nje. Walikuwa wanajua kila waya na kila neno la siri. Mradi ukifungwa, kijana huondoka na ujuzi wake, na zahanati hubakiwa na kompyuta ya mkononi iliyokufa betri, imefungiwa kabatini pamoja na chupa tupu za dawa. Mgeni akija mwaka unaofuata huambiwa, "Mfumo upo." Upo kweli, kama maiti ilivyopo.

HOJA ZA WENYE KASUMBA

Wapo watakaotujibu. Tunawajua, na hoja zao tunazijua.

Wa kwanza atasema: "Nchi maskini haichagui. Anayepewa hashiki mizani." Tunamjibu hivi. Mwezi wa Aprili 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za taifa kwa afya. Bajeti zetu za miaka ya karibuni hazijaifikia ahadi hiyo. Kabla ya kusema hatuna, tuonyeshwe kwanza kwamba tumetoa kile tulichoahidi. Nchi inayoweza kununua magari makubwa ya kifahari kwa maofisa wake inaweza kulipa mishahara ya mafundi mia mbili wa kompyuta.

Wa pili atasema: "Wananchi hawajasoma, watavunja mashine." Bwana huyo ameishi wapi? Tangu mwaka 2008 fedha zinatumwa kwa simu katika nchi hii. Bibi wa Kondoa hupokea fedha kutoka kwa mjukuu wake wa Mbagala, hukagua salio, humkamata wakala aliyemkata zaidi, na namba yake ya siri hamwambii hata mumewe. Mtu huyo huyo mnasema hawezi kuelewa namba ya jalada lake la hospitali? Kilichomfanya aelewe simu ni kwamba simu ilimletea faida siku ile ile. Leteni mfumo utakaompunguzia foleni, mtaona kama hataujua.

Wa tatu, naye ndiye hatari kuliko wote, atasema: "Tuwachukue wakubwa wa Ulaya, watufanyie yote kwa mara moja." Huyo hasomi magazeti. Mwaka 2002 Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kuyaingiza majalada ya wagonjwa wote katika kompyuta, ukaamriwa kutoka juu na kugawiwa kwa makampuni makubwa. Mwaka 2011 Serikali yao ikatangaza kuuvunja, mabilioni ya paundi yakiwa yameteketea. Madaktari hawakuulizwa wanahitaji nini, waliletewa. Kwa upande mwingine Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3 tu, ilianza jalada lake la taifa mwaka 2008 kwa kuweka sheria na kitambulisho kwanza, na raia wake huweza kuona ni nani amelifungua jalada lake. Ukubwa wa mkoba haukuamua. Kilichoamua ni mpango.

JIRANI AMETUFUNDISHA

Hatusemi yanayofuata kwa kumcheka jirani, maana nyumba ya jirani ikiungua nawe mwaga maji juu ya paa lako. Oktoba 1, 2024, Kenya iliiacha bima yake ya zamani na kuanza Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mfumo wa kompyuta wa kuendeshea kazi hiyo, wenye thamani ya shilingi za Kenya bilioni 104.8, ulipewa kundi la makampuni kwa mkataba wa miaka kumi. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo ikasema ununuzi huo haukufuata utaratibu, na kwamba mfumo si mali ya Serikali. Malipo ya makampuni yamefungwa kwenye asilimia za michango ya wananchi na za madai ya hospitali. Serikali ilijitetea kwamba haikutoa fedha za kuanzia, makampuni ndiyo yaliyotoa.

Ndiyo hasa hatari yenyewe! Aliyetoa mtaji ndiye mwenye duka. Ukimwambia mkulima kwamba amepewa trekta bure ila kila gunia litakalovunwa kwa miaka kumi litamegwa, mkulima huyo atakuuliza maswali ambayo waheshimiwa hawakuyauliza.

Kisha Desemba 2025 nchi hiyo hiyo ikatia saini mapatano ya afya ya miaka mitano na Marekani. Wananchi wakaenda mahakamani wakihofia taarifa za wagonjwa kupelekwa nje, na mwezi ule ule Mahakama Kuu ya Nairobi ikasimamisha upelekaji wa taarifa hizo wakati shauri likisikilizwa. Tuwape pongezi wananchi wale. Zamani mkoloni alichukua pembe, katani na dhahabu. Leo kuna mali nyingine inayotafutwa: nani ana sukari, nani ana kifafa, damu ya kabila gani inavumilia dawa gani. Mali hiyo haipakiwi melini. Hupita hewani usiku, na forodha haiioni.

Hapa kwetu Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023, na Tume yake imeundwa. Ni ngao nzuri. Lakini ngao iliyotundikwa ukutani haizuii mkuki. Mwaka 2023 ikatungwa pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo itadai daftari moja la watu wote, tajiri na maskini. Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, nao watapita nyumba kwa nyumba wakiandika siri za watu. Mambo haya matatu yakikutana, ndipo litakapozaliwa daftari kubwa kuliko yote tuliyopata kuwa nayo. Tukilizaa bila ulinzi, mwenye kifua kikuu ataficha kikohozi chake, na msichana mwenye mimba atakwenda kwa mganga wa kienyeji, kwa sababu kila mmoja wao atakuwa amesikia kwamba siri za zahanati zinatembea. Mtu asiyekuja hospitali hawezi kutibiwa na kompyuta yo yote.

MADAI YETU

Basi Chama kisiishie kulalamika. Tunadai mambo sita, nayo tunayaandika kwa Kiswahili ili kila tawi liweze kuyajadili.

Kwanza, mfumo wo wote unaobeba majina ya wagonjwa wetu uwe mali ya Jamhuri, maandishi yake ya kompyuta yawe mikononi mwa Serikali, na taarifa zikae ndani ya nchi. Tunacho kituo cha taifa cha kuhifadhi taarifa Kijitonyama; kitumike, na kingine kiimarishwe mbali na Dar es Salaam, ili moto au mafuriko ya mji mmoja yasifute kumbukumbu za taifa zima.

Pili, mwananchi mmoja, namba moja, toka kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa zahanati ya Uvinza apewe namba ile ile itakayomfuata kwenye chanjo, shuleni, kwenye bima na hata uzeeni.

Tatu, kila mfumo mpya unaoingia zahanati uondoe kitabu kimoja au mfumo mmoja wa zamani. Usiondoe cho chote, usiingie. Muuguzi si karani wa wafadhili. Na kwa siku ambazo umeme umekatika na mtandao umelala, kitabu kimoja cha karatasi kibaki, maana ugonjwa haukatiki pamoja na umeme.

Nne, mafundi wa mifumo hiyo waajiriwe na Serikali kwa ajira ya kudumu, katika kila mkoa, kwa mshahara wa kumfanya asitamani kukimbilia mradi. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma na Muhimbili vinatoa vijana hao kila mwaka, na wengine wanazunguka mitaani na vyeti vyao.

Tano, kila mkataba wa mifumo ya afya, uwe wa msaada, wa mkopo au wa biashara, upelekwe Bungeni kabla ya kutiwa saini, na kipengele cha taarifa za wananchi kisomwe kwa sauti.

Sita, tarakimu zirudi kijijini. Kila miezi mitatu karatasi moja ibandikwe ukutani pa zahanati, kwa herufi kubwa: watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungua hapa, wangapi tumewapoteza, dawa zipi zilikwisha na kwa siku ngapi. Bila jina la mtu hata mmoja. Kamati ya zahanati iisome mbele ya mkutano wa kijiji kama inavyosoma mapato na matumizi.

Dai hili la sita ndilo lenye nguvu kuliko mengine, na ndilo rahisi kuliko mengine. Halihitaji mfadhili. Linahitaji karatasi, gundi na ujasiri. Mganga mfawidhi atakayejua kwamba hesabu yake itasomwa na wanakijiji ataiandika sawasawa. Ofisa wa wilaya atakayejua kwamba wanakijiji wanajua siku ambazo dawa zilikosekana ataharakisha lori la dawa. Wanakijiji watakaoona malaria imepanda watafukia madimbwi bila kungoja semina.

Taifa limejiwekea Dira mpya ya mwaka 2050, iliyozinduliwa Julai 2025. Mtoto anayezaliwa usiku wa leo atakuwa bado kijana mwaka huo ukifika. Hatutaki siku hiyo afunguliwe jalada lake na kukuta limeandikwa kwa lugha ya wengine, linakaa nchi ya wengine, na ili alisome lazima awaombe ruhusa wengine.

Kwa hiyo, ndugu mwanachama, katika mkutano ujao wa tawi lako simama uulize: zahanati yetu ina mifumo mingapi, ni ya nani, na hesabu ya mwezi uliopita inasema nini? Ukijibiwa kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, jibu kwa adabu kwamba mgonjwa ni wewe, marehemu walikuwa ndugu zako, na mlipa kodi ni wewe pia. Kisha usikae chini mpaka upate jibu.

UHURU NA KAZI!